Mwalimu Aliyetukalisha Juu ya Mikono Yetu

Ukimwona asubuhi akiingia langoni ungedhani ni fundi wa mabomba aliyeitwa kwa dharura. Alivaa gambuti zenye matope, maana alikamua ng'ombe wake upande wa Dagoretti kabla ya kuja kazini, na viatu vyake vya ualimu vililala shuleni, kwenye droo moja na chaki. Alivibadilisha mbele ya wanafunzi bila haya, akiwa ameketi kwenye ngazi ya darasa la Gredi ya Saba. Watoto walijua kwamba kiatu cha pili kikishafungwa kamba, kucheza kumekwisha. Sisi wazazi tulimwita Mwalimu wa Darasa, hata wale ambao watoto wao walishatoka mikononi mwake zamani, na mimi sijawahi kumwita vingine.

Mikono yake ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Ilikuwa mikubwa, yenye nyufa, na chaki ilikuwa imeingia ndani ya nyufa hizo ikakataa kutoka. Pengine naikumbuka kwa sababu na mimi naishi kwa mikono. Mimi ni msusi, kibanda changu kiko Kenyatta Market, upande ule ambao moshi wa nyama choma hukufikia kabla ya salamu. Nasuka tangu Mwende wangu hajazaliwa. Mteja akinyamaza, mikono yangu inaendelea. Mteja akilala, inaendelea. Hata kanisani huwa najikuta nasokota ncha za leso. Nasema haya mapema kwa sababu mikono hiyo ndiyo iliyonikosanisha na mtoto wangu.

Mwende alikuwa katika lile kundi la kwanza kabisa la Gredi ya Saba. Enzi zetu ilikuwa darasa la saba, la nane, mtihani, basi, na kila mtu alijua mwizi wa alama ni nani na mfalme wa darasa ni nani. Safari hii hatukuwa na mtoto wa jirani aliyetangulia tukamwuliza. Masomo yaliongezeka, walimu wakawa wanaingia na kutoka, kila mmoja na somo lake, na ripoti ya kwanza ilipokuja haikuwa na namba. Ilikuwa na maneno tu: huyu anazidi matarajio, huyu anafikia, huyu anakaribia, huyu yuko chini ya matarajio. Baba Mwende, ambaye ni mlinzi wa lango la watu fulani kule Lavington, aliisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaitazama kwenye mwanga, kisha akaniambia kwamba bila shaka karatasi moja imebaki shuleni.

Hatukuwa peke yetu katika ujinga huo. Katika mkutano wa kwanza wa wazazi alisimama baba mmoja mwenye tai, mfanyakazi wa serikali katika ofisi za katikati ya mji, akasema maelezo yote ni mazuri ila yeye ana swali moja tu.

"Mwalimu, wangu ni namba ngapi?"

Mwalimu wa Darasa alimtazama kwa upole, kama mtu anayetafuta jibu kwa dhati. "Na wewe kwa hiyo ofisi yenu, ni namba ngapi?"

Darasa zima lilicheka, na baba wa watu akacheka mwisho, kwa shida. Lakini mkutano ulipokwisha nilimwona Mwalimu amemkalisha yule baba kwenye dawati la nyuma, wakifungua daftari la mtoto ukurasa baada ya ukurasa, akimwonyesha pale kijana alipokosea, pale alipofuta akarudia, pale alipopata. Wanawake wa usafi waliingia, wakafagia, wakatoka, na wao bado wako kurasa za katikati. Ndivyo alivyokuwa. Mbele ya watu alikuwa na ulimi wa pilipili, na mkibaki wawili alikuwa na subira isiyo na mwisho. Mimi ningependa kinyume chake, maana pilipili nimeionja.

Alikuwa na misemo yake. Alisema mtoto wa Gredi ya Saba hufunga mlango, lakini hafungi kwa kufuli. Sisi tunaoishi vyumba vya nyuma kule Jamhuri tuliangaliana tukatabasamu, maana kwetu mlango wenyewe ni pazia. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mtoto anaweza kulala mita moja kutoka kwako na bado akawa amefunga. Alituambia pia tuache kumwuliza mtoto leo amekuwa wa ngapi au amefunzwa nini, tumwulize leo ni nini kimemsumbua, kisha tunyamaze mpaka ajibu. Kunyamaza ndiko kulikotushinda. Mama mmoja alilalamika kwamba amenyamaza hadi ugali ukaungua na mtoto hajasema kitu. Mwalimu akamwambia apike wali.

Kitu kimoja kilimshinda kabisa, nacho ni simu. Kundi letu la WhatsApp lilimtesa. Asubuhi moja, jua halijatoka, sote tulipata ujumbe wake: "Ndama atengwe leo, asinyonye kabla sijarudi." Kumbe alikuwa anamwandikia mkewe. Lakini sisi tulikuwa tumezoea kuamka na miradi ya ajabu: leta udongo wa rangi mbili, leta mbegu zilizoota, leta chupa ishirini. Hakuna aliyeshangaa. Mama mmoja aliuliza kama sungura anaweza kutumika badala yake. Mwingine akauliza kama picha itatosha. Yule baba wa tai, Mungu ambariki, alikuwa ameshapiga simu kwa shemeji yake Limuru kuulizia ndama wa kukodi hadi Ijumaa. Mwalimu alipofungua simu yake saa nne, alikuta majibu arubaini na mawili na ramani ya kwenda Limuru. Alitusomea yote kwenye mkutano uliofuata, polepole, bila kucheka.

"Hakuna mzazi hata mmoja aliyemwuliza mtoto," alisema. "Nyinyi wote mlienda tu kutafuta ndama."

Tulicheka sana siku hiyo. Mimi nilicheka kuliko wote, na haikupita muda nikaenda kutafuta ndama wangu mwenyewe.

Watoto waliambiwa watengeneze kitu cha kutumika nyumbani kutokana na vitu vilivyotupwa. Muda ulikuwa wiki tatu. Mwende alikuja kibandani kila jioni kama kawaida, akajikunja chini ya benchi nyuma ya kiti cha wateja, kimya, na mimi nikawa namwuliza mradi umefika wapi, naye ananijibu uko sawa. Siku ya mwisho nilikuwa nafagia. Mabaki ya nywele za kusukia hujaa sakafuni kwangu, nyeusi, za kahawia, nyekundu za wasichana wa chuo. Chini ya benchi nilikuta donge la nywele hizo, limeviringana, lina shimo katikati, limekaa kama kiota cha kunguru. Nilidhani ni panya. Nikalifagia pamoja na mengine, nikafunga gunia, likaenda.

Jioni Mwende alifika, akapiga magoti chini ya benchi, akapapasa, akainuka. Nilipomwuliza mradi uko wapi, akasema hana. Damu ilinipanda. Wiki tatu, na kesho ndiyo siku! Nilitoka mbio hadi kwa mama mmoja wa sokoni anayeuza vyondo, vile vikapu vya katani, nikanunua kiondo kizuri, chenye mistari na mkanda wa ngozi, nikakikwaruza kidogo sakafuni ili kionekane kimetengenezwa na mtoto. Ndiyo, nilifanya hivyo. Nilimpa nikamwambia aseme ni chake, na nikalala na dhamiri safi ya mama aliyeokoa jahazi.

Kesho yake kiondo kilirudi nyumbani na karatasi imebandikwa kwa pini, mwandiko wa Mwalimu: "Kiondo ni kizuri. Mama amezidi matarajio. Bado tunangoja kazi ya Mwende."

Nilisikia aibu hadi masikio yakapata moto. Kumbe alipoitwa mbele aonyeshe jinsi kiondo kinavyoanzwa, Mwende alisema mbele ya darasa zima, "Hiki si changu." Basi. Nilimwuliza kwa nini ameniaibisha, hakujibu. Niliuliza kwa ukali, hakujibu. Wiki mbili tuliishi hivyo, chumba kimoja, sufuria moja, na mtoto wangu wa pekee akinijibu ndiyo na hapana kama karani wa dirishani. Aliacha kuja kibandani. Usiku nililia, nasema kweli, halafu asubuhi nikawa mkali zaidi. Mwishowe nikaamua atakwenda bweni, shule moja upande wa Machakos, wamnyooshe huko. Baba yake alisema tungoje kidogo. Nikamwambia samaki mkunje angali mbichi.

Nilikwenda kwa Mwalimu wa Darasa kuomba barua ya uhamisho. Alikuwa anabadilisha viatu. Nikamwambia shida yangu yote, na samaki wangu pia nikamtaja.

"Mama Mwende, mtoto si samaki," alisema akifunga kamba. "Na hata samaki, ukiona anakunjika bila kusema kitu, huyo ashakufa."

Akasema barua ataiandika, ni haki yangu, ila niichukue Ijumaa, baada ya kikao cha wazazi. Nilijua ananivuta muda. Nilikwenda tu, kwa hasira, nimevaa vizuri.

Kikao hicho kilikuwa desturi yake, na shule nyingine sijasikia. Kila mtoto aliketi kwenye dawati lake na vifaa vya mradi aliochagua, na mzazi wake kwenye kiti kando yake. Mwalimu akatuambia tuweke viganja vyetu kwenye viti, kisha tuvikalie. Kipindi kizima. Mtoto afanye kazi, mzazi atazame. Ukiweza, nyamaza. Usipoweza, uliza, lakini mikono ibaki ilipo. Watu wazima tukakalia mikono pale kama vifaranga waliofungwa miguu. Yule baba wa tai alitoa mkono mara tatu kumshikia mwanawe rula, na mara tatu Mwalimu akapita nyuma yake akamgusa bega.

Mwende alitoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na nywele za kusukia, mabaki, zimechambuliwa kwa rangi. Akaanza kuzisokota juu ya paja lake, nyuzi mbili mbili, kwa kiganja, jinsi mama yangu anavyosokota katani kule Kitui. Bibi yake huyo, susu kama tunavyomwita, alimfundisha likizo, na mimi sikuwahi kujua. Kisha akazipitisha, akaanza kitako, mduara mdogo mweusi, mmoja wa kahawia, mweusi tena. Alikuwa analegeza pale panapotakiwa kukazwa. Vidole viliniwasha chini ya mapaja. Ningemrekebisha kwa sekunde mbili. Nilibana meno.

Kitako kikakua, kikaanza kuinuka kingo, na kikawa na shimo katikati. Nikaliona donge. Nikauona ufagio wangu, na gunia, na mtoto akipiga magoti chini ya benchi.

"Ni hicho?" nilimwuliza.

"Ulikitupa, Mama," alisema, macho yakiwa kwenye kazi. "Ilikuwa imebaki tu mdomo."

Nilitaka kumkumbatia na mikono yangu nilikuwa nimeikalia. Labda ilikuwa heri, maana ningemkumbatia ingekuwa tumemaliza, na mimi ningekuwa nimejisamehe haraka mno. Badala yake nilibaki pale, machozi yakashuka hadi kidevuni bila mtu wa kuyafuta, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilimwuliza mwanangu swali nisilojua jibu lake. Nilimwuliza kwa nini nywele. Akasema kila siku anaona nikizitupa na anaona ni nzuri. Akasema alitaka nikiona nishtuke. Kisha akaendelea kusema, juu ya mwalimu wa hesabu anayekimbiza somo, juu ya wasichana wanaomcheka, mambo ya wiki nyingi, macho yake yakiwa kwenye uzi, na mimi sikuthubutu hata kukohoa.

Wazazi walipotawanyika Mwalimu alinijia na bahasha. Barua ilikuwa imeandikwa, imepigwa muhuri, kila kitu tayari.

"Unaitaka?" aliniuliza.

Nilimwambia aiweke kwenye droo na viatu.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa msahaulifu wa majina, alichelewesha fomu hadi tukaitwa ofisini, na sifa alizitoa kwa kijiko cha chumvi. Tena yeye mwenyewe hakuweza kukalia mikono yake hata kidogo. Jumamosi nyingine alikuja Kenyatta Market kula nusu kilo, na kabla nyama haijafika kwenye ubao, yeye ameshamnyang'anya mchomaji kisu, anajikatia mwenyewe, akimweleza namna ya kufuata mfupa. Fundi wa viatu alimkimbia. Aliona kibao cha kinyozi kimeandikwa vibaya akapanda kwenye kreti akakirekebisha kwa chaki. Siku moja nilimwambia kutoka kibandani, "Mwalimu, kalia mikono." Akaangalia kisu mkononi mwake, akacheka hadi akakohoa, na akaendelea kukata.

Mwende alimaliza kiondo chake muhula ule. Kimepinda upande mmoja na mdomo wake umelegea, na nilipewa ofa nzuri na mteja wa Lavington nikakataa. Aliniruhusu kusokota nyuzi, kufuma alinikataza. Jioni alirudi chini ya benchi, na baadaye juu ya benchi, kwa kuwa miguu ilirefuka. Sasa yuko Gredi ya Kumi, ananizidi kimo, ana siri zake kama wote, lakini kuna jioni tunasokota na zinatoka zenyewe.

Mwaka huu tulisikia kwamba Mwalimu wa Darasa amestaafu, na kwamba kabla hata ya kuzoea kukaa nyumbani, upande wake wa kulia ulipooza. Tulikwenda kumwona Jumapili baada ya kanisa, mimi na Mwende, na matunda ndani ya kile kiondo. Tulimkuta sebuleni, kwenye kiti karibu na dirisha linalotazama zizi, amefunikwa blanketi mapajani. Gambuti zilikuwa mlangoni, safi. Uso ulikuwa umeshuka upande mmoja na maneno yalitoka moja moja, lakini kiondo alikitambua. Alikivuta kwa mkono wa kushoto, akapapasa mdomo wake uliolegea, akatikisa kichwa.

Mkamwana wake, msichana mwema asiyetulia, alileta chai na nduma za kuchemsha, magimbi yenye maganda yake. Alikuwa ameshamtilia sukari, ameshamkorogea. Alituambia kwa fahari kwamba mzee hafanyi chochote, wanamfanyia kila kitu, hata kumlisha. Mwalimu alitazama zizi. Niliufahamu uso ule. Niliwahi kuuona kwa msichana wa miaka kumi na miwili aliyeshikishwa kiondo cha kununuliwa.

Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, ule mbovu, ulioanza tu kurudiwa na nguvu, kuelekea sahani. Akapata nduma moja, akaivuta hadi mapajani, akaanza kutafuta mahali pa kumenyea. Mkamwana aliruka. Na mimi, nakiri, mikono yangu ilikuwa imeshatoka, ilikuwa nusu njia.

"Auntie, acha ajaribu," Mwende alimwambia mkamwana kwa upole. Halafu akanigeukia. "Mama. Kalia mikono."

Nikaikalia. Mwende akaikalia yake. Nduma iliteleza ikaanguka kwenye blanketi, Mwalimu akaifuata. Ganda lilitoka kipande kidogo, likakatika. Akaligeuza. Vidole vile vikubwa vilitetemeka, na ute wa nduma ukavifanya viteleze zaidi, na jasho likamtoka kwenye kipaji cha uso. Chai yetu ilipoa ikafanya utando juu. Ng'ombe mmoja akalia huko nje, na mzee hakugeuka kumtazama. Ilichukua muda mrefu sana. Mwisho alikuwa na nduma iliyomenywa upande mmoja, upande wa pili ganda limebaki madoamadoa, na alama za kucha kila mahali. Aliiinua akamwonyesha Mwende.

"Kiwango... gani?"

Mwende aliinama akaiangalia kwa makini, mbele na nyuma, jinsi Mwalimu alivyokuwa akiangalia kazi zao. Niliogopa atamsifu tu kwa huruma.

"Inakaribia matarajio, Mwalimu."

Alicheka kwa nusu ya mdomo, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kile kile cha sokoni. Akaila ile nduma pamoja na madoa yake, yote, kisha akasukuma sahani kwa mkamwana.

"Ongeza... ingine."

Mkamwana alimwekea nyingine, na ganda lake, akarudi kuketi, akatutazama mimi na Mwende, kisha naye taratibu akaingiza viganja vyake chini ya mapaja. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Sikuitoa.